Fungu la Jirani

Magari ya Mombasa kuelekea Malindi hupita Gede kwa kasi. Hapo ndipo barabara ya Watamu inapochepuka kwenda baharini, na abiria anayetazama dirishani huona maduka machache, bodaboda zilizopangwa kivulini na akina mama wanaouza maembe, kisha mji umekwisha. Kumbe mji huo mdogo umezungukwa na utajiri wa ajabu. Karibu na njia panda yapo magofu ya mji wa kale wa Waswahili, uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17 na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Upande wa bara umelala Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Upande wa bahari ipo Hori ya Mida na mikoko yake, kisha Watamu na matumbawe yake. Anayeendelea kaskazini atakuta mlango wa mto Sabaki, penye viboko na makundi ya ndege wa majini, na akishika njia ya bara atafika Marafa, kwenye bonde la Nyari, ambako mvua na upepo vimechonga minara ya udongo mweupe na mwekundu, na kila masika hula tena kipande cha ukingo.

Vitabu vya wageni husifu vitu hivi kana kwamba vimejihifadhi vyenyewe. Hoja yangu ni tofauti. Msitu, mikoko na kasa wa pwani hii havikusalia kwa kuwa asili ilitukirimu, wala kwa kuwa serikali ilipiga mpaka na kuweka askari tu. Vimesalia vizuri zaidi pale ambapo jirani ana fungu lake ndani yake, fungu analoliona kwa macho na kulitaja kwa jina: karo ya mwanawe, mzinga wa nyuki, kazi ya kuongoza wageni, kaburi la babu yake. Pale ambapo fungu hilo halipo, au lilikuwapo likanyang'anywa, uzuri unapungua mwaka hadi mwaka, hata mabango ya hifadhi yakiwa mapya. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha utalii wa Kilifi kisiwe idadi ya wageni walioshuka Malindi. Kiwe idadi ya nyumba zilizo kando ya msitu na bahari ambazo zingepoteza kitu iwapo msitu na bahari vingeharibika.

Ili kuona kwa nini hoja hii ina uzito, sharti tukumbuke jinsi mipaka ilivyowekwa. Kabla ya serikali yoyote kuchora ramani, Wamijikenda walikuwa na misitu yao waliyoilinda wenyewe, yaani kaya, na ukataji wa miti humo ulikuwa na miiko na adhabu zake. Wagiriama, walio miongoni mwao, walipokataa kodi na kazi za kulazimishwa, wakati wa mapambano ambayo jina la Mekatilili wa Menza halitenganishwi nayo, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Serikali hiyo hiyo ndiyo baadaye, mwaka 1943, iliyoutangaza Arabuko-Sokoke kuwa msitu wa hifadhi. Uhuru ulipopatikana, mtindo haukubadilika sana: mwaka 1968 sehemu za bahari ya Malindi na Watamu zilitangazwa mbuga, miongoni mwa za kwanza za aina yake barani Afrika. Maamuzi hayo yameokoa mengi, na nitarudi kulikiri jambo hilo. Hata hivyo kila moja lilitoka juu, na mtu wa Kakuyuni, Jilore au Mida alijikuta upande wa nje wa mstari ambao hakuulizwa. Ukiongeza tatizo la ardhi la Pwani, ambako familia nyingi zimelima vizazi kadhaa bila hati, utaelewa kwa nini msitu uliofungwa ulionekana kuwa shamba alilonyimwa mtu mwenye njaa.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi waliopakana na Arabuko-Sokoke walitaka sehemu yake, au hata wote, ukatwe wapate mashamba. Haukuwa ujinga. Tembo walitoka msituni wakala mahindi, nyani wakafuata, na aliyeingia kuokota ukuni aliweza kukamatwa. Kwa hesabu ya mkulima, msitu ulikuwa hasara tupu. Hapo ndipo ulipoanza mradi wa Kipepeo, mwaka 1993, kwa juhudi za mtaalamu wa wadudu Ian Gordon pamoja na Makumbusho ya Taifa, ndani ya eneo la magofu ya Gede. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutenda. Mkulima huingia msituni na wavu, hunasa vipepeo jike wachache na kuwaweka katika kizimba cha chandarua nyumbani. Wakitaga, mayai huanguliwa viwavi, na kiwavi wa kila aina hula majani ya mimea yake maalumu tu. Ukimkosea jani anakufa njaa juu ya jani. Hivyo mkulima hulazimika kuijua mimea ya msitu kwa jina na kwa mahali, na kuiotesha uani kwake. Viwavi wakishageuka pupa, pupa hizo huchunwa polepole, hufungwa ndani ya pamba na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani kabla hazijapasuka. Siku ni chache, na kipepeo hangojei forodha. Mkulima aliyeona msitu ni kizuizi akaanza kuuona ni ghala la mbegu yake: ukikatwa, biashara imekufa. Watafiti waliorudi kuwauliza wakulima hao walikuta mawazo yamebadilika, na waliotaka msitu ufyekwe wamepungua sana. Msitu ni ule ule, wenye bundi yule yule wa Sokoke asiyefika shibiri moja. Kilichoongezeka ni fungu.

Mfano wa pili uko Mida. Hori hii hujaa na kukauka kwa mwendo wa maji kujaa na kupwa, na maji yakitoka huacha tope pana lenye kaa na wadudu wasiohesabika. Ndege husafiri kutoka mbali kuja kula hapo. Mashuhuri kuliko wote ni wale weupe wenye mgongo mweusi, wenye mdomo mnene wa kupasulia kaa, ambao huzaliana kwenye fukwe za Bahari ya Shamu na za Uarabuni, kisha huja kukaa Mida kwa miezi mingi. Shirika la A Rocha Kenya na wanakijiji walijenga daraja la kamba na mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kuangalilia ndege. Anayejua saa hufika maji yakianza kurudi, kwa sababu maji yanapopanda huwasukuma ndege waje karibu na kibanda. Ada ya daraja hilo huingia katika mpango ulioanza mwaka 2001 wa kuwalipia karo ya sekondari watoto wanaotoka shule zinazopakana na msitu na hori. Upande wa Dabaso, kikundi cha uhifadhi cha wanakijiji kimejenga mkahawa wake katikati ya mikoko, wanafuga kaa, wanapika, wanauza, na wanapanda miche ya mikoko. Tusisahau kwamba mkoko una soko jingine. Mkandaa ukikatwa hupimwa na kuuzwa kwa daraja, kuanzia fito na pau, kupanda mazio na boriti, hadi nguzo, na mnunuzi hakosekani. Mzazi wa mtoto anayesomeshwa na daraja anajua bei ya boriti kama mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba sasa ana bei nyingine ya kulinganisha nayo, na kila muhula inamkumbusha.

Baharini hoja hii huonekana kwa kasa. Tangu mwisho wa miaka ya 1990, Watamu kumekuwa na utaratibu ambao mvuvi akimnasa kasa wavuni kwa bahati mbaya hupiga simu badala ya kuchukua kisu. Wahifadhi huja, humpima kasa, humtia alama na kumrudisha majini, au humpeleka kutibiwa akiwa mgonjwa, na mvuvi hupewa malipo madogo. Wapo wanaosema malipo hayo ni hongo, kwamba mtu halipwi kwa kutovunja sheria, na kwamba wavuvi watawatafuta kasa makusudi wapate fedha. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Jibu lake liko katika kiasi: kinacholipwa ni muda na usumbufu wa mvuvi, nacho ni kidogo kuliko ambacho nyama na mafuta ya kasa vingemwingizia kwa siri. Hakuna anayetajirika kwa simu hiyo. Anachopata ni kutambuliwa kuwa mshiriki, na maelfu ya kasa waliorudishwa majini kwa njia hii wamerudishwa na mikono ya wavuvi kwanza, kabla ya mikono ya wataalamu.

Sasa nilikiri nililoahidi. Atakuja mtu aseme: bila tangazo la mwaka 1943, leo kusingekuwa na msitu wa kugawana fungu, na bila mbuga za 1968 matumbawe yangekuwa yamechimbwa yakaisha. Ni kweli kabisa. Fungu halina maana bila kitu cha kugawanya, na kitu hicho kililindwa na sheria. Ila sheria hulinda mpaka tu, na ndani ya mpaka kuna mambo elfu yanayotendeka usiku: mbambakofi unaoangushwa kwa msumeno wa mkono, mtego uliotegewa paa, kitanzi cha kumnasa sange yule mwenye kiuno cha dhahabu ambaye karibu wote waliobaki duniani wako katika msitu huu. Askari wachache hawawezi kusimama kila penye mti. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Bunge lenyewe lilikubali hivyo lilipotunga Sheria ya Misitu ya 2005, kisha ile ya 2016, zinazowapa majirani wa msitu haki ya kuunda vyama na kushiriki katika usimamizi. Na tazama Dakatcha, upande wa Marafa, msitu wa miti ya mrihi usio na ulinzi wa daraja la Arabuko-Sokoke. Hapo mkaa umekula sehemu kubwa, mashamba ya mananasi yamekula nyingine. Hata hivyo ulipokuja mpango wa kufyeka maelfu ya hekta ili kulima jatrofa ya mafuta, wenyeji na wahifadhi waliupinga pamoja hadi ukasimama. Na ni humo Dakatcha, kwenye ardhi ya watu, ambamo mwaka 2013 wapenzi wa ndege waligundua mahali anapozaliana kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote nje ya Kaunti ya Kilifi. Msitu usio na jirani anayeujali, hata ukiwa na sheria, hudhoofika, na wenye jirani anayeujali, hata sheria ikiwa nyonge, hupata mtetezi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Fungu la fedha linategemea wageni, na wageni hutegemea mambo yasiyo mikononi mwetu. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi na maonyo ya serikali za Ulaya, pwani hii ilikauka wageni. Mwezi Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na mkulima wa vipepeo akabaki na pupa zisizo na pa kwenda. Ikiwa jirani hulinda msitu kwa sababu ya malipo, malipo yakikatika si ataushika msumeno? Wengine walifanya hivyo, na hatuna haki ya kuwahukumu tukiwa tumeshiba. Funzo lake, hata hivyo, ni kwamba fungu la namna moja ni jembe moja kwa shamba lote. Nyumba yenye mizinga ya nyuki, kitalu cha miche, mtoto aliyemaliza sekondari na kijana anayejua ndege kwa sauti haianguki yote kwa siku moja. Na mgeni si lazima atoke Roma au Milano. Wengi wa wanaotoka huko hulipa safari nzima kwao kabla ya kupanda ndege, hukaa hotelini ufuoni, na fedha zao humpita jirani wa msitu bila kumsalimu. Mwanafunzi wa Ganze au Kaloleni ambaye hajawahi kuingia Arabuko-Sokoke, familia ya Mombasa inayotafuta pa kwenda Jumamosi, mwalimu wa Nairobi aliye likizoni, hao hawazuiliwi na onyo la ubalozi wowote. Utalii wa wenyeji ndio unaoweza kumvusha jirani mwaka mbaya.

Wapo pia wazee watakaoniuliza: kaya zililindwa karne nyingi bila shilingi, wewe umetoa wapi habari za fungu? Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaisahihisha hoja bila kuivunja. Makaya ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliyatambua mwaka 2008, yalisimama kwa sababu kila ukoo ulikuwa na kitu chake ndani: makaburi ya waliotangulia, mahali pa kuombea mvua, dawa, heshima ya kuwa watu wa kaya fulani. Hilo nalo ni fungu, na kwa hakika ndilo kubwa zaidi. Leo limepungua. Vijana wamehamia mjini, viwanja vimepanda bei hadi ukingoni mwa makaya, na jambo la kuumiza ni kwamba katika kaunti hii wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wao ambao ndio walioshika elimu ya msitu. Ukimuua mzee umechoma maktaba ya miti, na hakuna ada ya mlangoni inayoweza kuirudisha. Kwa hiyo ninapodai fungu la jirani sidai fedha peke yake. Nadai pia elimu yake ihesabiwe. Mwongoza wageni wa Arabuko-Sokoke anayeamka alfajiri kusikiliza bundi analia upande gani, kisha akarudi mchana kumtafuta katika vichaka vya udongo mwekundu, ana elimu inayostahili cheti, ujira na heshima kama ya mwalimu yeyote.

Litabaki pingamizi la mwisho, nalo linatoka kwa wenyeji wenyewe: fungu huliwa na wachache. Mwenyekiti wa kikundi hununua pikipiki, wanachama hupewa soda. Mashua hujazana juu ya matumbawe kwa kuwa kila mwenye mashua anataka fungu, wageni wakanyage watakapo. Haya hutokea, na anayetetea ushirikishwaji akiyaficha anaiua hoja yake mwenyewe. Dawa si kuwanyang'anya majirani fungu na kulirudisha mjini, kwani huko nako linaliwa, tena mbali na macho. Dawa ni hesabu iliyo wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daraja la Mida linaaminika kwa sababu mtoto aliyelipiwa karo anajulikana jina na kijiji, na jirani anaweza kuuliza. Vikundi vyote vibandike hesabu zao mlangoni, kwa Kiswahili, na idadi ya mashua na watu juu ya matumbawe iwekewe kikomo ambacho wenye mashua wenyewe wamekubaliana.

Yeyote atakayetilia shaka kwamba fungu huzaa utetezi na akumbuke waliyosema watu wa Uyombo, karibu na mlango wa Hori ya Mida, kuhusu mpango wa kujenga mtambo wa nyuklia huko. Mwaka 2023 na 2024 walipeleka malalamiko, wakaandamana, na wengine wakakabiliana na polisi. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu umeme na mahitaji ya nchi, na mjadala huo ni halali. Lakini tusikilize walivyojieleza: walitaja samaki, mikoko, kasa, wageni na makaburi. Hawakuzungumza kama watu wanaotetea mbuga ya serikali. Walizungumza kama wenye mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ng'ambo tu ya hori hiyo, wengi walitaka msitu ufyekwe. Mabadiliko hayo hayakuletwa na bango wala bunduki.

Yanayopasa kufanywa hayahitaji tume mpya. Taasisi za kitaifa zinazokusanya ada za msitu, bahari na magofu zitenge sehemu maalumu kwa vijiji vinavyopakana navyo, na zitangaze imetumika vipi. Serikali ya Kaunti ya Kilifi ihakikishe kila mtoto wa shule ya msingi anaingia Arabuko-Sokoke na kusimama juu ya daraja la Mida angalau mara moja kabla hajamaliza. Wenye hoteli waajiri waongoza wageni wa Gede, Marafa na Sabaki kwa mkataba, si kwa hisani. Nawe msomaji, ukipanga safari, shuka Gede. Mlipe mwongozaji wa kijiji, kula Dabaso, lala kwa mwenyeji, uliza ada yako inakwenda wapi na usiondoke bila jibu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msitu wa Arabuko-Sokoke utabaki ikiwa mwenyeji wake atapona, na asipopona, hakuna uzio wa umeme utakaouokoa.